Chipu ya SERS, ICP-MS, elektrodi au karatasi: kipi kinunuliwe Lubumbashi kwa kupima uchafu kidogo sana wa maji na mboga

Chupa tatu zilikuwa mezani kwangu. Ya kwanza ilikuwa na maji ya mto Kafubu, yamechotwa upande wa chini wa Kipushi, mji wa mgodi. Ya pili ilikuwa maji ambayo mama mmoja wa Katuba alioshea mboga za lengalenga kabla ya kuzipeleka sokoni. Ya tatu ilitoka kwenye bwawa la taka la kiwanda cha kusafisha madini, nayo ilinuka kama kabichi iliyooza. Mwenye chupa ni mkuu wa kikundi kidogo cha wakulima na walimu. Alikuwa na pesa za mfadhili za kutosha chombo kimoja tu, na muuzaji alikuwa amemtumia video ya kifaa cha kubeba mkononi: unadondosha tone, leza inamulika, jina la sumu linatokea kwenye simu.

"Shefu, si hiki kinapima kila kitu?"

Nilimwambia kwamba chupa moja kati ya hizo inakistahili kabisa, moja itategemea, na ile aliyokuwa akiiogopa kuliko zote, ya Kafubu, haihusiani nacho. Hakufurahi. Tukakaa mchana mzima tukilinganisha, na mengi ya tuliyosemezana siku hiyo ndiyo haya.

Metali au molekuli?

Sisi wa Lubumbashi tukisikia sumu, mawazo yanakwenda kwenye shaba, kobalti, risasi na kadimi. Tuna sababu. Kiwanda cha kuyeyusha shaba kilianza kuwaka hapa mwaka 1911, na mgeni akifika anaonyeshwa kwanza bomba lake refu na mlima mweusi wa taka zake. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha vipimo vya mkojo wa wakazi wa kusini mwa Katanga. Kobalti waliyoikuta ilikuwa ya juu kuliko yoyote iliyowahi kuripotiwa kwa wananchi wa kawaida, watu wasiofanya kazi kiwandani. Basi mtu wa hapa akiahidiwa kifaa kinachoona uchafu mdogo kabisa, anachokiona akilini ni kobalti.

Shida ni kwamba kile kifaa cha video ni chipu ya SERS, yaani kinatumia Raman, njia ya kutambua vitu kwa mwanga wa leza. Nayo Raman haisomi metali, inasoma mitikisiko. C. V. Raman na K. S. Krishnan waliiona mwaka 1928 huko Calcutta: mwanga ukiipiga molekuli, karibu wote unarudi na rangi ileile uliyokwenda nayo, lakini chembe moja hivi kati ya milioni 10 inarudi na rangi iliyohama kidogo, kwa kuwa imeachia nguvu kwenye viungo vinavyoshikanisha atomu, au imechota nguvu kutoka humo. Kila molekuli hutikisika kwa namna yake, kwa hiyo rangi zilizohama zinakuwa kama alama za vidole. Sasa ioni ya kobalti inayoelea majini haina kiungo cha maana cha kutikisa. Iko peke yake, imezungukwa na maji. Mulika leza utakavyo, haitasema jina lake.

Metali chache zinaponyoka kwenye kanuni hiyo kwa sababu hazitembei peke yake. Aseniki majini huwa imejifunga na oksijeni, kromu yenye sumu vilevile, na urani hutembea kama urani iliyobanwa na oksijeni mbili. Hizo zina viungo, na Raman inaweza kuzisoma. Katika nchi yenye mgodi wa urani wa Shinkolobwe habari ya urani si mchezo. Lakini hata hapo mashine nyingine huifanya kazi hiyo kwa raha zaidi, nitaifikia.

Muuzaji atakwambia kwamba wanapaka juu ya chipu molekuli ya kushikia, yenye mkono wa kukamata metali. Ikishakamata, mitikisiko yake inabadilika, na hapo metali inasomeka kwa njia ya kuzunguka. Ni kweli, na kwenye maji safi ya maabara inafanya kazi vizuri. Ila fikiri maji yetu. Shirika la Afya Duniani linaruhusu kadimi mikrogramu 3 kwa lita ya maji ya kunywa, na shaba miligramu 2, maana yake mikrogramu 2,000. Maji yanaweza kuwa halali kwa shaba na bado yakawa na shaba mara mamia kuliko kadimi unayoitafuta. Mikono yote iliyopakwa kwenye chipu itakamatwa na shaba kabla kadimi haijabisha hodi. Kwingine hilo ni tatizo la pembeni, lakini kwenye ukanda wa shaba ndilo tatizo lenyewe.

Chipu yenyewe, tuitendee haki

Baada ya kuisema hivyo, niseme pia kwa nini naipenda.

Chembe moja kati ya milioni 10 ni mwanga hafifu mno. Kwa uchafu wa mikrogramu hutaona kitu. Mwaka 1974, Southampton, Uingereza, Martin Fleischmann na wenzake walipima dutu iitwayo piridini juu ya elektrodi ya fedha waliyoikwaruza, wakapata ishara kubwa kuliko walivyotegemea. Walidhani ni kwa sababu uso uliokwaruzwa una eneo kubwa zaidi. Mwaka 1977 vikundi viwili tofauti, kimoja cha Marekani na kimoja cha Uingereza, vikapiga hesabu na kuona eneo peke yake haliwezi kueleza: ishara ilikuwa imekuzwa mara laki hadi milioni. Ndipo likazaliwa jina SERS, yaani Raman iliyokuzwa na uso wa metali. Elektroni za fedha au dhahabu huyumba pamoja na mwanga, na pale chembe mbili za metali zinapokaribiana, kwenye kamwanya kati yake, mwanga hukusanyika kwa nguvu ya ajabu. Molekuli ikiingia hapo, inapiga kelele.

Lakini iingie hapo hasa. Ikiwa mbali nanomita chache tu, sauti imekufa. Kwa hiyo baada ya kuuliza "ni metali au molekuli?" unauliza la pili: je, inashika kwenye fedha au dhahabu? Video za wauzaji huliruka swali hili, nalo ndilo linaloamua kama pesa zako zimepata kazi.

Vitu vyenye salfa vinashika kama gundi. Dawa ya ukungu iitwayo thiramu ni mfano wa darasani: ina salfa nne, inajibana kwenye fedha, na kilele chake karibu na 1380 kwenye spektra, mchoro wa zile rangi zilizohama, hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anakiona. Thaiabendazoli, dawa nyingine ya ukungu, inashika. Kijani cha malakiti, rangi ambayo wafugaji wengine wa samaki duniani wameitumia kuua kuvu, inashika na kung'aa. Lakini sipermethrini, mojawapo ya dawa za wadudu zinazotumika sana kwenye mboga, ni kama mafuta: haipendi maji, haipendi fedha, inapita. Glaifoseti, dawa ya magugu, inapenda maji mno na ishara yake ni dhaifu. Ukinunua chipu ya SERS kwa ajili ya bustani ambayo mama anapulizia sipermethrini peke yake, umenunua pambo.

Kuhusu mifereji myembamba ya ndani ya chipu, ambamo sampuli hupita, watu hufikiri faida yake ni udogo. Kwangu faida ni nidhamu. Ukifanya SERS kwenye kichupa cha kawaida, unachanganya maji yako na koloidi ya fedha, yaani maji yenye chembe ndogo mno za fedha, unatia chumvi kidogo ili chembe zikusanyike, kisha unasoma. Ishara inapanda, inafika kilele, halafu chembe zinazama chini na ishara inashuka, yote ndani ya dakika chache. Mimi nikisoma kwenye dakika ya pili na mwenzangu kwenye ya nne, tutagombana bure. Ndani ya chipu, mfereji una upana wa unywele mmoja au kadhaa. Koloidi na sampuli vinakutana sehemu moja, vinakwenda kwa mwendo mmoja, na leza inasoma mahali pamoja. Umbali umekuwa saa. Kila tone lina umri uleule linapopita mbele ya leza, na vipimo vinaanza kufanana.

Mfereji una ugonjwa wake pia. Chembe za fedha hubandika kwenye kuta, na sampuli ya jana inaendelea kuonekana leo. Dawa iliyopatikana ni kukata mtiririko kuwa vitone vinavyosafiri ndani ya mafuta ili maji yasiguse ukuta. Tena, chipu nyingi za bei nafuu zinatengenezwa kwa silikoni laini, ile ya PDMS, ambayo hunywa dawa za wadudu zenye asili ya mafuta na pia huchomeka vilele vyake yenyewe kwenye spektra. Ukiweza, dai ya kioo. Leza nayo chagua ya nanomita 785: ishara ni ndogo kuliko ya 532, lakini maji ya mto yenye majani yaliyooza hayatang'aa na kufunika kila kitu.

Koloidi ni mtoto mchanga. Mwaka wangu wa kwanza niliipika vizuri, rangi ya manjano ya kupendeza, halafu nikaizimua kwa maji ya bomba kwa sababu yaliyochujwa yalikuwa yamekwisha na umeme wa kuchuja mengine haukuwepo. Ikageuka kijivu mbele ya macho yangu: chumvi za maji ziliikusanya yote ikazama. Kazi ya siku mbili ikaenda sinkini. Fedha pia huweusika kwa salfa ya hewani kama kijiko cha bibi. Dhahabu inakaa zaidi, ingawa inakuza kidogo kuliko fedha na inataka leza nyekundu.

Na kuwa mwangalifu na namba za matangazo. Utasoma "tunaona hadi moli 10⁻⁸ kwa lita" ukadhani ni muujiza. Badilisha kuwa mikrogramu. Thiramu ina gramu 240 kwa moli, kwa hiyo 10⁻⁸ ni mikrogramu 2.4 kwa lita. Sheria ya Umoja wa Ulaya kwa maji ya kunywa ni mikrogramu 0.1 kwa lita kwa kila dawa ya shambani, iwe ya wadudu, ya ukungu au ya magugu. Hapo chipu hiyo imeshindwa mara 24. Lakini klorpirifosi, dawa ya wadudu ambayo Shirika la Afya Duniani limeiwekea mikrogramu 30 kwa lita, inakuwa karibu 9 × 10⁻⁸, na chipu hiyohiyo, ikiisoma kwa makali hayo, inatosha. Kabla ya kuuliza chombo kinaona kidogo kiasi gani, jua wewe unatafuta kidogo kiasi gani.

ICP-MS: mfalme asiyehama

Maji ya Kafubu yanataka ICP-MS. Mashine hii inapuliza sampuli ndani ya gesi ya arigoni iliyowashwa hadi joto la nyuzi elfu kadhaa, kila kitu kinavunjika kuwa atomu zenye chaji, kisha atomu zinapimwa uzito mmoja mmoja. Kobalti, kadimi, risasi, aseniki, urani, zote kwa mkupuo mmoja, hadi chini ya mikrogramu 1 kwa lita bila jasho. Urani kwake ni kazi nyepesi kuliko zote, maana hakuna kingine kinachokaribia uzito wake.

Usifikirie kuinunua. Ni mamia ya maelfu ya dola, inakunywa arigoni lita 15 hadi 20 kila dakika, na umeme ukikatika katikati ya kazi mtaalamu wake anaweza kulia. Unachonunua ni huduma: unalipa kwa sampuli, makumi ya dola kila moja, wakati mwingine zaidi.

Hapo kuna mtego wa mji wetu. Maabara za kupima madini hazikosekani Lubumbashi, na zinajua kazi yake. Lakini kazi yake ni mawe. Mnunuzi wa madini anataka kujua kama ni asilimia 3 au 4 ya kobalti. Asilimia moja ni mikrogramu milioni 10 kwa kilo. Wewe unatafuta kadimi mikrogramu 3. Maabara ambayo asubuhi ilisaga mawe ya shaba ina vumbi la shaba kwenye meza, kwenye koti, kwenye pumzi ya fundi. Maji yako yakipita humo yatatoka na shaba ambayo hayakuingia nayo. Uliza kitu kimoja: mnayo sampuli tupu, maji safi mliyoyapitisha hatua zote, na matokeo yake naweza kuyaona? Wakikunja uso, beba chupa zako.

Kwa hiyo sampuli nyingi za maji husafiri, ama kwa ndege ama kwa barabara ya Kasumbalesa kwenda Zambia na mbele zaidi. Kwa metali safari haina neno: chupa ya plastiki iliyooshwa kwa tindikali, matone ya tindikali ya nitriki safi mpaka pH ishuke chini ya 2, na maji yanakaa miezi bila kubadilika. Zebaki tu ndiyo inahitaji utaratibu wake.

Kile kibunduki cha eksirei ambacho kule Kolwezi kwenye soko la madini wanakiita Metorex, usikielekeze kwenye maji. Kwa udongo wa bustani sawa, kinafaa kuchora ramani ya wapi pamechafuka sana. Kwa maji ya kunywa ni kipofu.

Elektrodi, chombo ambacho hakuna anayekitangaza

Kama pesa ni za chombo kimoja na hofu yako ni metali, mimi nakushauri potenshiostati, kifaa cha kuongoza volti na kupima mkondo wa umeme, ndogo ya kubebeka, pamoja na elektrodi za kuchapwa. Unaweka umeme, metali zinakusanyika kwenye ncha ya elektrodi kwa dakika chache, kisha unageuza volti taratibu na kila metali inaondoka kwenye volti yake, ikiacha kilele kwenye skrini. Kadimi na risasi zinaonekana kwa mikrogramu chache kwa lita. Kobalti na nikeli haziingii kwa njia hiyo, lakini ukitia dimethilglioksimu, kemikali inayoshikana nazo, zinanaswa na kusomeka. Zamani elektrodi ilikuwa zebaki. Siku hizi watu wanatumia utando wa bismuthi, na afya ya mpimaji imepona.

Inatumia betri, haihitaji gesi, na bei yake ni dola elfu moja hadi elfu kadhaa. Kero yake ni shaba, tena! Shaba nyingi inaungana na zinki kwenye elektrodi na kuharibu kusoma. Unazimua sampuli, unaongeza kiasi kinachojulikana cha metali unayoipima, unasoma mara ya pili, unapiga hesabu. Fundi mvumilivu anajifunza kwa wiki kadhaa. Asiye mvumilivu asiguse.

Karatasi za rangi

Msizidharau. Kwa dawa za wadudu zipo karatasi zenye kimeng'enya kilekile ambacho dawa za jamii ya fosforasi na karbamati hukishambulia mwilini. Kimeng'enya kikiwa hai karatasi inageuka rangi, kikizuiwa haigeuki. Haisemi ni dawa gani wala kiasi gani hasa. Inasema "kuna kitu hapa kinachoshambulia neva". Kwa dola chache kila moja, mama wa Katuba anaweza kuitumia mwenyewe kabla ya kuvuna. Sipermethrini haitaonekana, kumbuka, kwa kuwa inafanya kazi kwa njia nyingine. Kwa metali, karatasi za dukani zinaanza kuona pale ambapo hatari imeshapita kitambo. Afadhali usipime kuliko kuambiwa "safi" na karatasi isiyoona.

Vikikaa bega kwa bega

| | Chipu ya SERS | ICP-MS (kutuma) | Elektrodi | Karatasi |
|---|---|---|---|---|
| Inaona nini | molekuli zinazoshika fedha au dhahabu | metali karibu zote | metali kadhaa | kundi la dawa, kwa jumla |
| Kadimi 3 µg/L | usitegemee | ndiyo | ndiyo, kwa uangalifu | hapana |
| Kobalti | usitegemee | ndiyo | ndiyo, kwa dimethilglioksimu | hapana |
| Thiramu, zanthati (tazama chupa ya tatu) | ndiyo | hapana | si kazi yake | hapana |
| Sipermethrini | vigumu | hapana | hapana | hapana |
| Matokeo | dakika | wiki | saa moja hivi | nusu saa |
| Pesa | maelfu hadi makumi ya maelfu ya dola, na chipu hazikomi | kwa kila sampuli | elfu hadi elfu kadhaa | dola chache |
| Umeme ukikatika | betri, lakini koloidi inataka maji safi na ubaridi | si tatizo lako | betri | hauhusiki |

Safu ya sipermethrini inasikitisha, naijua. Jibu lake ni kromatografia yenye kipima uzito wa molekuli, gesi au kimiminika, ambayo nayo unaituma nje: chupa ya kioo cheusi, kwenye barafu, isikawie zaidi ya siku saba. Sikuiweka kwenye jedwali kwa sababu kikundi hiki hakiwezi kuinunua. Siku wakipata kesi ya kupeleka mahakamani, hakuna njia ya mkato, wataituma tu. Chipu haitasimama mbele ya hakimu.

Chupa ya tatu

Nimeiacha mwisho kwa kuwa hapa ndipo chipu inapata heshima yake.

Madini ya salfidi yanapofanywa yaelee kwenye mapovu ili yatengane na mawe, kiwanda kinatia zanthati. Ni molekuli yenye kichwa cha salfa kinachokamata punje ya madini na mkia wa mafuta unaolivuta povu. Kinachobaki kinakwenda na maji ya taka. Sasa tazama: kichwa cha salfa kilichotengenezwa kishike salfidi ya shaba kinashika fedha ya koloidi vilevile bila kusitasita. Dutu iliyobuniwa kukamata madini inakuja yenyewe kwenye chipu yako. Huhitaji kupaka mkono wowote.

Na zanthati haisafiri. Kwenye maji yenye alkali inadumu siku kadhaa au zaidi, joto likipanda inaharakisha kuvunjika. Kwenye tindikali inakwisha upesi sana, ikitoa disalfidi ya kaboni, ambayo ndiyo yenye harufu mbaya. Ile chupa uliyotia tindikali ya nitriki kwa ajili ya kobalti, kwa hiyo, imeshaua zanthati yako. Chupa mbili, siku zote, kwa kazi mbili. Ukiituma nje, maabara itakujibu kwa uaminifu kabisa kwamba haikuona kitu, na wewe utaamini bwawa ni safi. Hapa kipimo cha papo hapo, kwenye ukingo wa bwawa, si anasa.

Hata hivyo, kabla hujafungua pochi: zanthati hunywa mwanga wa nanomita 301. Spektrofotometa ya kawaida ya UV, ile ambayo vitivo vingi vya sayansi tayari vinayo kabatini, inaisoma vizuri ikiwa ni miligramu kwa lita, mradi maji yamechujwa. Bwawani, karibu na bomba, utakuta miligramu. Chipu ya SERS inaanza kulipa gharama yake kule chini, mtoni, ambako zanthati imezimuliwa hadi mikrogramu na maji ya mto yana vitu vingine vinavyonywa mwanga huohuo. Nilimwambia mkuu wa kikundi waziwazi: kama swali lako ni "kiwanda kinamwaga?", spektrofotometa ya kuazima inatosha. Kama ni "inafika kwa mama anayechota maji ya kunyweshea mboga?", hapo tuongee habari ya chipu.

Akauliza mimi ningefanya nini kama ningekuwa yeye. Ningenunua potenshiostati na boksi la karatasi za kimeng'enya. Ningetenga pesa za sampuli kumi za ICP-MS kwa mwaka, tatu kati ya hizo zikiwa sampuli nilizokwisha kuzipima mwenyewe, ili nijue elektrodi yangu inadanganya kiasi gani. Kwa chipu ningetafuta mwanafunzi wa shahada ya pili mwenye kiu, chuo chenye leza ya Raman, na kuwapa swali la zanthati kama kazi ya utafiti: chipu za kioo, koloidi ya kupika wenyewe kila wiki, maji halisi ya mto. Mashine ya elfu ishirini isiyo na mtu wa kupika koloidi inageuka kabati la gharama ndani ya miezi sita. Chipu zinaagizwa, zinakwama forodhani, zinafika zikiwa na fedha nyeusi.

"Na yule wa video nimwambie nini?"

Mwombe akutumie chipu mbili, nilimwambia, umpe maji ya foraji yako, kile kisima cha kuchimbwa kwa mashine, na maji ya Kafubu bila kumwambia yapi ni yapi, mojawapo ukiwa umetia thiramu kiasi unachokijua wewe tu. Akikubali, ni mtu wa kazi.

Tukakubaliana aje wiki inayofuata tuanze na chupa ya tatu kwenye spektrofotometa ya rafiki yangu. Alikuja mapema, kabla ya jua kali. Nilifungua chupa nikanusa: hakukuwa na harufu yoyote. Kizibo hakikuwa kimekazwa, na chupa ilikuwa imekaa siku saba kwenye dirisha linaloangalia magharibi. Tuliisoma tu kwa ajili ya kuandika, na pale 301 mstari ulikuwa umelala. Akachukua bidoni mbili ndogo, barafu kutoka kwa muuza samaki, akawasha pikipiki kurudi bwawani.